Kung'oa gugu maji katika ziwa la mapumziko: mwongozo kwa wanaoanza, Lubumbashi

Kila mvua zinapoanza Lubumbashi napigiwa simu ya namna moja. Mtu ana ziwa dogo upande wa barabara ya Kasenga au ya Kipushi. Amejenga vibanda vya nyasi, ana pirogi mbili, watu wanakuja Jumapili kula samaki na bukari. Sasa maji hayaonekani tena. Majani ya kijani yenye maua ya zambarau yamefunika kutoka ukingo hadi ukingo, pirogi haipiti, watoto hawana pa kuogelea. Swali la kwanza: ninunue dawa gani? La pili: vijana wangapi, siku ngapi? Hakuna anayeuliza gugu linatoka wapi, na hilo ndilo linaloamua kama pesa yake itafanya kazi au itazama.

Nimeandika haya ili nisiyarudie kwenye simu. Yanahusu ziwa dogo au bwawa la kujengwa, hekta moja hadi kumi hivi, na kazi ya mikono.

Kwanza, hakikisha ni lenyewe

Gugu maji, linaloitwa kwa Kifaransa jacinthe d'eau, lina alama tatu. Shina la jani limevimba katikati kama sponji. Ukilibonyeza utasikia hewa. Mizizi ni mingi, myeusi-myeusi, kama manyoya, inaning'inia majini bila kushika udongo. Ua ni la zambarau, na petali ya juu ina doa la njano. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika mto Kongo lilienea miaka ya 1950, na wenzetu wa Kinshasa walilipa jina la Kongo ya Sika, yaani Kongo mpya. Sijui jina gani lingelifaa zaidi: kila ukiamka kuna jipya.

Kuna mengine mawili yanayoelea unayoweza kukuta. La kwanza linafanana na saladi ya majani inayoelea: majani yana vinyweleo laini kama velveti na halina shina lililovimba. La pili ni salvinia, majani madogo mawili-mawili yenye vinyweleo vinavyorusha maji, halitoi ua kamwe. Salvinia ndiyo iliyofunika karibu sehemu moja ya tano ya ziwa Kariba mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya bwawa kufungwa mwaka 1958. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa yote matatu, ila salvinia hushikwa kwa nyavu za matundu madogo, kwa sababu kila kipande kinachobaki kinaota.

Usiguse yungiyungi, mafunjo na matete bila sababu. Hao ni wenyeji. Samaki wanazalia humo, na matete yanachuja maji yanayoingia. Nimeona mwenye ziwa akikodi watu wakafyeka kila kitu cha kijani hadi ukingo ukabaki uchi kama barabara. Mvua ya kwanza ikamwaga udongo wote ndani ya maji.

Chagua majira

Anza katikati ya Mei, mvua zikiisha, na umalize kazi kubwa kabla ya mwisho wa Agosti. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Gugu linakua polepole. Oktoba joto linapanda, Novemba mvua zinashuka na takataka zote za mitaro, na hapo gugu linaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ukiacha mita kumi za mraba mwisho wa Septemba, mwanzoni mwa Desemba unaweza kuwa na zaidi ya mia tatu.

Mara yangu ya kwanza nilianza Januari, kwa sababu ndipo mwenye ziwa alipokuwa na hasira. Tulifanya kazi siku tisa kwenye matope, tukatupa majani ukingoni. Mvua ikayarudisha majini usiku mmoja.

Vitu vya kuandaa

- Pirogi mbili zisizovuja, au moja pamoja na mtumbwi wa bati.
- Rato zenye meno marefu, na nguzo mbili tatu zenye ndoano ya chuma nchani.
- Kamba ya nailoni nene kama kidole, ndefu kuliko upana wa mahali maji yanapoingilia ziwani.
- Bidoni tupu za lita 20 zenye vifuniko vizuri, ishirini kwa kuanzia.
- Wavu wa waya au nyavu kuukuu za uvuvi.
- Kupakupa zenye makali, glavu, buti ndefu za mpira. Anayeingia majini hadi kiunoni avae suruali ya mpira ya kuingilia majini.
- Jile za kuogelea kwa kila aliye kwenye pirogi. Hapa sibishani na mtu. Gugu lililoshonana linaonekana kama uwanja wa mpira. Mtu akikanyaga anazama, na mizizi inamshika.
- Bashi mbili kubwa za kuburutia, na pusipusi au pikapu ya kubebea.
- Watu sita hadi kumi. Angalau wawili wawe wanajua kuogelea kwelikweli, si kwa maneno.

Kabla ya yote zungumza na shefu wa kartie, ofisi ya komini na watu wa mazingira wa jimbo, hasa kama maji yako yanatokea kwenye mto au yanaingia mtoni. Mto Lubumbashi unamwagikia Kafubu, Kafubu inakwenda Luapula, na ng'ambo ya Luapula ni Zambia. Unachokiachia kipite kwenye mlango wa bwawa lako kinakwenda kwa watu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta linakotoka. Tembea ukingo mzima, kisha panda na kijito au mtaro unaoleta maji hadi usione gugu tena. Chora ramani kwenye daftari: maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, upepo unasukuma gugu upande gani. Kagua mabwawa ya samaki ya majirani na mabeseni ya maua. Ndiyo, maua. Katika ziwa moja tulitafuta wiki mbili. Kumbe mama mmoja juu ya kijito alikuwa amelipanda kwenye beseni la saruji mbele ya nyumba kwa sababu ya ua lake, na kila mvua beseni likifurika linamwaga vitoto kwenye mtaro. Tulimpelekea miche ya maua ya kana, akafurahi, mambo yakaisha. Ukienda kwa jirani na makelele utarudi na gugu lako.

2. Funga mlango wa kuingilia. Funga bidoni tupu kwenye kamba, moja kila mita moja, vifuniko vimekazwa. Chini yake ning'iniza wavu wenye kina cha nusu mita hivi, wenye uzito kidogo chini. Vuta kamba hiyo mahali maji yanapoingilia, imshazari na mkondo, usiikate njia moja kwa moja. Ikiwa imshazari, gugu linateleza lenyewe hadi upande mmoja wa ukingo, pale ulipotengeneza mahali pa kulitolea. Ikiwa imenyooka, gugu linarundikana katikati, linakuwa zito, kamba inakatika.

Upande mmoja wa kamba ufungwe kwa fundo linalofunguka haraka. Siku mafuriko yanakuja na magogo, afadhali ufungue kuliko kupoteza kila kitu pamoja na nguzo.

3. Gawa ziwa na upime. Hapa ndipo watu wanajidanganya. Mita moja ya mraba ya gugu lililoshonana vizuri inaweza kuwa na kilo 20 hadi 40 za majani mabichi. Kipande cha mita kumi kwa kumi ni tani mbili hadi nne. Ukimwambia kijana "toa hilo pale" kwa bei ya siku moja, ataondoka saa sita mchana na hatarudi, na ana haki. Pima vipande kwa kamba yenye bidoni, ulipe kwa kipande kilichosafishwa hadi ukingoni. Mpangilio wenyewe: anza mahali maji yanapoingilia, fuata ukingo upepo unakotokea, malizia upande upepo unakosukumia. Ukianza kinyume, upepo utakujazia kila usiku ulichosafisha mchana.

4. Ng'oa, usifyeke. Mimea imeunganishwa na vikonyo vinavyotambaa juu ya maji. Ukikata jani, mama amebaki na watoto wake. Mtu wa kwenye pirogi anavuta kwa rato, anazungusha kamba kuzunguka kipande, anakikokota hadi ukingoni. Mkeka ukiwa mnene sana, ukate kwa kupakupa uwe vipande vya mita mbili mbili, kisha uvute kila kipande kizima, na pirogi ya pili ifuate nyuma kuokota vilivyovunjika. Pirogi hiyo ya pili wengi wanaiona ni hasara, mtu mzima anaokota visalio vya ukubwa wa kiganja! Mimi ningeacha rato nyumbani kabla sijaiacha hiyo.

Toa kwanza sehemu zenye maua. Ua likishanyauka, bua lake linajikunja kuelekea majini na kumwaga mbegu, na mbegu zikikaa kwenye matope zinaweza kuishi hata miaka 20.

5. Angalieni miili yenu. Kwenye mizizi ya gugu wanajificha konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa utosini, kwa hiyo ingieni majini mapambazuko na mtoke kabla jua halijapanda sana. Mchana fanyeni kazi ya nchi kavu. Buti si mapambo. Aliyeloa ajifute mara moja kwa taulo kavu. Atakayeona damu kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye aende kituo cha afya aseme alifanya kazi ziwani. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatolewa kwa kipimo cha uzito wa mtu. Pigeni pia mkeka kwa nguzo kabla ya kuuvuta, nyoka wanapenda kulala juu yake.

6. Peleka mbali na maji. Mita ishirini kutoka ukingoni ndicho kiwango changu cha chini, na mahali hapo pawe pamelalia upande usiotazama ziwa. Liache lichuruze siku tatu au nne kwenye jua la kiangazi kabla ya kulipakia. Karibu uzito wote wa gugu ni maji, kwa hiyo pikapu iliyohitaji safari nane itahitaji mbili. Anayepakia bichi analipia mafuta ya kusafirisha maji ya ziwa.

7. Amua mwisho wake. Kama maji yako yanatoka kwenye chemchemi au kijito kisichopita kwenye migodi, tengeneza mbolea: tabaka la gugu lililonyauka, tabaka la nyasi kavu, udongo kidogo, hadi rundo lifike kifuani. Geuza kila wiki mbili. Rundo lazima lipate joto ndani. Ukiingiza fimbo na kuichomoa, isishikike vizuri kwa mkono. Rundo baridi haliui mbegu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ni Katanga. Gugu maji linanyonya metali kutoka kwenye maji na kuzihifadhi, hasa mizizini. Kama kijito chako kinapita karibu na mgodi, mahali wanapooshea madini, au rundo la takataka za kiwanda, usiwape nguruwe wala bata majani hayo, wala usiweke mbolea yake kwenye lengalenga na tomate. Shaba, kobalti, risasi na kadimu haziozi. Chimba shimo mbali na kisima, fukia, funika kwa udongo wa mita moja. Anayetaka kutumia mbolea hiyo kwa miti ya kivuli au maua, sawa.

8. Rudi kila wiki. Miezi miwili ya kwanza, kila Jumamosi asubuhi, watu wawili na pirogi moja, mzunguko mzima wa ukingo. Miezi inayofuata, kila wiki mbili, na mvua zikianza rudi kwenye kila wiki. Weka kando nusu ya pesa zako kwa kazi hii tangu mwanzo. Wengi wanatumia zote kwenye wiki ya kung'oa, wanapiga picha ya maji yanayong'aa, na mwezi wa pili wananipigia tena.

Wafundishe hao wawili sura ya mtoto wa gugu. Aliyeota kutoka kwenye mbegu hana shina lililovimba. Majani yake ni membamba kama utepe, wanamwona wanadhani ni majani ya kawaida, wanampita.

9. Mnyime chakula. Gugu linanona kwa maji yenye uchafu wa vyoo, sabuni, mbolea ya shambani na mavi ya kuku. Hamisha choo cha wageni kilicho karibu na ukingo. Kataza kufulia ziwani, jengea mahali pa kufulia penye shimo lake. Kwenye mdomo wa kijito acha matete yaote kwa upana wa mita tano au zaidi. Kama jirani wa juu ana banda la kuku elfu, zungumza naye juu ya rundo lake la samadi kabla ya Novemba, na uende na wazo la mkononi: wenye mashamba wanainunua.

10. Kagua vyombo. Pirogi, nyavu na ndoano zinazotoka ziwa jingine zioshwe, zimwagwe maji, zikae juani siku mbili kavu kabisa kabla ya kuingia kwako. Vivyo hivyo zinapotoka kwako.

Maswali matatu yasiyokwisha

Dawa ya kunyunyiza je? Inaua gugu, ndiyo. Kisha tani zote zile zinaozea majini kwa pamoja, zinamaliza hewa ndani ya maji, na asubuhi unakuta samaki wameelea matumbo juu. Mbegu chini ya matope hazijaguswa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilinyunyiza dawa ya magugu iitwayo 2,4-D kwenye mto Kongo. Nenda Kinshasa uone kama gugu lilihama. Katika ziwa ambalo watoto wanaoga na mama wa chini wanachota maji, mimi siiingizi.

Wale wadudu waliotumika ziwa Victoria? Ni mbawakawa wadogo wa jenasi Neochetina, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, wakaachiwa ziwani katikati ya miaka ya 1990. Walisaidia sana. Lakini wanachukua miaka, wanachelewa kwenye baridi, na kuwaleta ni kazi ya watafiti na serikali kwa kibali. Tena wanahitaji gugu la kula: huwezi kuling'oa kila wiki na wakati huo huo kuwafuga.

Samaki wa kula majani? Samaki aitwaye mpende anakula majani laini ya chini ya maji, gugu linaloelea halimshughulishi. Na usilete samaki wa kigeni kutibu mmea wa kigeni. Tilapia wa Nile wakifurika na kuingia mtoni wanazaana na wenyeji wetu, na hao huwatoi kwa rato.

Kama mambo hayaendi

Gugu linarudi mahali pale pale kila wiki. Angalia kamba ya bidoni. Mara nyingi wavu umekatika chini au bidoni moja imejaa maji na kuzama. Kama kamba ni nzima, kuna mkondo mwingine. Rudi kwenye hatua ya kwanza, safari hii siku ya mvua, utaona njia za maji ambazo kiangazi hazionekani.

Ulishusha maji ya bwawa ili gugu likauke, na sasa matope yameota vitoto maelfu. Ndivyo inavyokuwa: matope yakipata mwanga na unyevu, mbegu zinaamka. Usifungue maji haraka. Viache vitoto viote, vikwangue kwa jembe ungali ukitembea pakavu, subiri kundi la pili, kwangua tena, ndipo ujaze. Waliofanya hivi kwa subira wamepunguza akiba ya mbegu kuliko mimi na pirogi zangu.

Gugu limeisha, maji yamekuwa ya kijani kama supu ya sombe. Chakula kilichokuwa kinaliwa na gugu sasa kinaliwa na miani. Hatua ya tisa haijafanyika. Zuia watu kuogelea hadi rangi itulie, hasa kama kuna utando na harufu mbaya, na usiwaache mbwa wanywe.

Samaki wanahema juu asubuhi wakati wa kazi. Mmetifua matope mno, au mmeacha majani yaliyokatwa yaoze ndani. Simamisheni siku mbili tatu, okoeni yote yanayoelea, ongezeni maji mapya kama mlango unaruhusu.

Vijana wameleta mnyama mwenye magando mawili, mkia wa mikunjo, wanasema ni kamba. Bara letu halina kamba wa maji baridi wa umbo hilo kwa asili, isipokuwa kisiwa cha Madagaska. Kaa wa mtoni ni wetu, na vikamba vidogo ambavyo mwanga unapita katika miili yao ni vyetu. Huyu mwenye magando makubwa, kijani-buluu, dume likiwa na doa jekundu kwenye gando, ni wa Australia. Zambia wametoroka kwenye mabwawa ya ufugaji na sasa wako Kafue na Kariba. Usimrudishe majini, usimuuze akiwa hai, usimpe rafiki akamfuge. Piga picha upeleke kwa watu wa mazingira pamoja na jina la mahali. Weka mitego ya waya yenye chambo cha samaki kwenye kina kifupi, iangaliwe kila asubuhi. Waliokamatwa wachemshwe siku hiyo hiyo, na kama maji yako hayatoki migodini, wanakwenda vizuri na bukari.